Kwa Pacha Wangu wa Mwezi wa Saba

Mpendwa pacha wangu,

Leo ni Ijumaa ya tano hujaja. Niliweka begi langu juu ya kiti chako kama kawaida, na mama mmoja wa Kifilipino akaniuliza kwa ishara kama kuna mtu. Nikamwambia yupo, anakuja. Misa ikaanza, ikaisha, watu wakatoka, na begi bado limekaa pale.

Sitaandika jina lako. Padri amenikataza, na kila mahali nilipojisahau amepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Jina la mama yako halimo pia, wala langu. Lakini ikikufikia utajua ni yako, maana katika Maskati nzima hakuna mabinti wengine wawili walioandikwa ni wa mama mmoja, mmoja wa mwezi wa tatu na mwingine wa mwezi wa saba, mwaka uleule.

Nakala moja itabandikwa kwenye ubao wa jumuiya yetu ya Waswahili, mlangoni pa chumba tunachokutana baada ya Misa. Nyingine nitawapa wale akina mama wanaopanga mboga kwenye soko la Mawaleh, waliokuwa wakifanya kazi na mama yako. Sijui uko wapi. Ndiyo maana inabidi iwe barua ya kila mtu, ili labda mmoja wao akusomee.

Unakumbuka bibi yangu wa Moshi alivyokataa kuamini? Nilimwambia kwenye simu kwamba huku tunasali Jumapili siku ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Akasema, "Mjukuu wangu, hao wanakudanganya. Mungu hawezi kubadilisha siku kwa ajili ya ofisi." Wewe ulikuwa umebandika sikio upande wa pili wa simu, ukacheka mpaka bibi akauliza nani huyo. Ukajibu mwenyewe, "Ni mie, bibi, mjukuu wako wa Ijumaa."

Kwangu wiki ilikuwa ni Ijumaa na siku za kuingojea Ijumaa. Mimi nilikuwa na shule, sare, basi la asubuhi, na baba ambaye ni mwalimu wa hesabu na anayeuliza maswali hata mezani. Wewe ulikuwa na chumba kimoja uani kwa Bi Mkubwa, yule bibi Mwomani mwenye nyumba, huko Mawaleh, na sharti moja: usitoke getini bila sababu. Hukuwa na cheti cha kuzaliwa. Hukuwa na pasipoti. Hukuwa na bataka, ile kadi ya ukaazi ambayo hapa mtu hutembea nayo kama anavyotembea na mikono yake. Shule zote zilitaka kuona karatasi hizo kwanza.

Basi nilikuletea madaftari yangu. Nakumbuka wazo lilikuwa lako. Mwaka ulipoisha nilitaka kuyatupa, ukayazuia kama mtu anayezuia chakula kutupwa. Ulifuta majibu yangu yote kwa kifutio, ukurasa baada ya ukurasa, ukabakisha maswali, kisha ukayafanya upya kwa penseli. Ijumaa iliyofuata ulinionyesha mahali nilipokosea na mwalimu hakuona.

"Wewe unakwenda skuli kila siku, na gari linakufuata mlangoni, halafu sehemu zinakushinda?" ulinitania. Ulikuwa ukizungumza Kiswahili cha Bi Mkubwa, cha Unguja, kwa sababu ndiye aliyekulea mchana mama yako alipokuwa kazini. "Mie nnasoma na kuku uani, na kuku hawajui kitu, lakini nnapata jibu."

Nilikasirika kidogo. Hata sasa nikifanya hesabu za sehemu nakusikia.

Halafu Padri alisimama katika chumba chetu na kutangaza lile jambo. Unamjua anavyozungumza, Mgoa aliyekulia Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baba yangu. Alisema serikali imetoa muda kwa wasio na karatasi kujitokeza bila kufungwa. Alisema yeye na wenzake wa kanisa wameandika barua kwa ofisi zinazohusika na kwa balozi, na wanaomba jambo moja zaidi: vijana waliozaliwa hapa wasihesabiwe kuwa wakosaji. Wapewe hati zao na waruhusiwe kusoma.

"Siwaombei msamaha," alisema. "Msamaha huombewa aliyekosa. Hawa nawaombea jina."

Kwa kila kijana alihitaji karatasi moja inayoonyesha amezaliwa lini na nani, na kwa wengi wenu karatasi pekee duniani ni cheti cha ubatizo. Akauliza nani yuko tayari. Watu waliangalia sakafu. Wewe ulisimama kabla hajamaliza swali. Mama yako alikushika gauni kukukalisha, na wewe ukabaki umesimama na gauni limevutika upande mmoja.

Niliona fahari siku ile. Nakuambia sasa kwa sababu siku ile sikukuambia.

Wiki mbili baadaye tukaitwa ofisini kwake: wewe, mimi na mama yangu. Mama yako hakuja, alisema ana kazi ya kusafisha nyumba mpya Mabela. Padri alikuwa amefungua kile kitabu kikubwa cha ubatizo mahali pawili, na katikati ya kurasa ameweka rula.

"Mama, hebu nisaidie kusoma hapa," alimwambia mama yangu. "Huyu binti yako kazaliwa mwezi wa tatu. Vyema. Na huyu hapa naye binti yako, kazaliwa mwezi wa saba. Mwaka ule ule. Mimi ni padri, mambo haya nayajua kwa kusikia tu, lakini naona mama ulikuwa na haraka."

Tulicheka, wewe na mimi. Tuliegemeana kwa kicheko. Kisha tukaona kwamba mama yangu hacheki, na Padri ameacha kucheka.

Hapo ndipo tuliposikia habari yetu kwa mara ya kwanza, pamoja, kutoka kwa mama yangu. Mama yako alikuja kufanya kazi za ndani akiwa na mimba changa asiyoijua, na mume wake amebaki Muheza. Ilipoonekana, watu wa nyumba ile walikasirika. Akaogopa, akatoka bila pasipoti yake, maana walikuwa wameifungia kabatini. Bi Mkubwa alimkuta amekaa ukutani kwake, akamfungulia chumba cha uani. Mama yangu, muuguzi, ambaye alikuwa na mimi mgongoni wa miezi minne, ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, chumbani humo, bila hospitali kujua. Na siku ya ubatizo, padri wa zamani alipouliza mama wa mtoto ni nani, mama yako alinyamaza. Alikuwa anaogopa kitabu chochote chenye jina lake, akidhani vitabu vyote vinafika kwa tajiri aliyemtoroka. Mama yangu akasema, "Ni mimi."

Ukaandikwa hivyo. Na baba yangu akaandikwa baba yako, naye hana habari.

Padri alivua miwani. "Nakuelewa, mama. Lakini siwezi kupeleka serikalini karatasi ninayoijua si kweli. Wakigundua hii moja, wataitilia shaka kila karatasi iliyomo kwenye faili hili, na humu kuna vijana wengine. Nataka mashahidi wawili walioona mtoto akizaliwa. Waseme, watie sahihi."

"Padri, nipe muda," mama alisema.

"Nikiwa nao nitakupa."

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inataka kuruka. Nimeandika sehemu hii mara nne, na mara tatu nimechana.

Tulitoka nje, tukasimama karibu na bomba la maji. Uliniangalia, ukatabasamu, ukasema, "Kumbe mie pacha wako." Na mimi nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu kichwani kama baba alivyonifundisha. Mama akisema ukweli, atakuwa amekiri kwamba alizalisha mtu kwa siri. Akiitwa kazini je? Akifukuzwa je? Karatasi zetu zote, zangu na za baba, zimeshikana na kazi zao. Niliogopa kwa dakika moja kile ambacho wewe umeogopa tangu uzaliwe. Nikasema:

"Kwani lazima awe mama yangu? Hamwezi kutafuta mtu mwingine? Mama yangu ana kazi."

"Mama yako ana kazi," ulirudia polepole, kama unayeandika imla. "Haya."

Ukafungua mfuko wako wa nailoni, ukatoa daftari langu la hesabu na kile kifutio chekundu, ukanipa vyote viwili. "Chukua buku lako. Nimeshamaliza."

Hukuwa umemaliza. Nilifungua nyumbani. Kurasa kumi na moja za mwisho umezifuta majibu yangu, ziko safi, maswali yanangoja.

Ijumaa iliyofuata hukuja. Mimi na mama tulikwenda Mawaleh. Bi Mkubwa alikuwa kibarazani anachambua mchele, na hakutukaribisha haraka kama siku zote.

"Wamekwenda zao tangu Jumatatu," alisema. "Mamake kaingiwa na khofu. Kaniambia kitabu kimeshafunguliwa, sasa jina litatoka. Nimemwambia weye, kaa, nna wanangu serikalini, tutauliza. Wapi! Na nyinyi, mwanangu, mlimwambia nini mtoto? Maana kaja hapa siku ile hasemi, hali, kakaa na kuku tu."

Mama akaniangalia. Sikuweza kusema mbele ya Bi Mkubwa, lakini kwenye gari nilisema yote, neno kwa neno. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alipita mzunguko wa kwanza, akapita wa pili, ndipo akasema, "Ulisema nililokuwa nikiliwaza."

Hilo liliniuma kuliko kofi.

Siku kadhaa nyumbani kwetu Al Khoudh mlikuwa kama mna mgonjwa. Mama alipiga pasi sare yake ya kazi, akaitundika, akaishusha, akaipiga tena. Simu ikilia tuliangaliana. Mwishowe, mezani, alimweleza baba habari yote, kitabu na majina. Baba aliweka kijiko chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo nina binti mwingine, miaka kumi na sita, anajua sehemu kuliko huyu, na hakuna mtu aliyeona vyema kuniambia?"

Mama alianza kulia na kucheka pamoja. Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu ofisini, kwa sababu unajua mimi nimefundishwa katekisimu vizuri na sipendi mambo yasiyolingana. "Mama, ulisema uongo kanisani. Amri ya nane."

"Niliivunja ya nane," alijibu, "nikidhani nailinda ya tano, ile ya usiue. Mtoto yule asingebatizwa wala kuandikwa popote, angekuwa kama hakuzaliwa. Lakini uongo, mwanangu, ni dawa ya kutuliza maumivu. Mimi muuguzi, nilipaswa kujua kwamba haitibu."

Ijumaa iliyofuata alikwenda amevaa sare yake ya kazi. Akasema wakimwita kumuuliza, wamwite kama muuguzi. Na nani unadhani tulimkuta mlangoni pa ofisi ya Padri? Bi Mkubwa, na abaya yake nzuri, amejifukiza udi mpaka korido nzima inanukia. Mama alikuwa amemweleza kwa simu habari ya mashahidi wawili, bila kutegemea kwamba atakuja; naye amemwambia mwanawe amlete na asimuulize kitu.

"Padri," alisema kabla ya kukaa, "mie Muislamu. Kitabu chenu kitanikubali?"

"Kitabu kinamtaka aliyeona, bibi. Uliona?"

"Nimeona kwa macho yangu mawili. Huyu muuguzi kampokea, na mie ndiye niliyemfunika kwa kanga yangu mpya. Na kanga yenyewe hawajanirudishia mpaka leo, hilo nalo liandike."

Padri hakuliandika, lakini alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akawa mtaratibu sana. Nilidhani atachukua wino mweupe au atakata mstari juu ya jina la mama yangu. Alichukua kalamu nyembamba, na pembeni mwa ukurasa, pale penye nafasi, akaandika kwa herufi ndogo kwamba mama mzazi wa mtoto huyu ni fulani, jina la mama yako lote, la baba yako wa Muheza pia, kwa ushahidi wa hawa wawili. Mama akatia sahihi. Bi Mkubwa akatia sahihi kwa Kiarabu. Padri akapuliza wino.

Nikauliza kwa nini hafuti lile kosa. "Kitabu hiki hakifutwi," alisema. "Lililoandikwa linabaki. Ukweli unaandikwa pembeni, na anayesoma anasoma vyote viwili."

Kwa hiyo ukweli umesimama. Mama yako hana sababu tena ya kukimbia jina lake. Ushahidi umeshapelekwa pamoja na faili. Padri huenda na faili lile kila wiki, hukaa kwenye benchi mpaka aitwe. Ofisa mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamwagizia chai, akamwambia alete karatasi za kila kijana zikiwa kamili, wataziangalia. Hakuahidi zaidi ya hapo. Padri anasema kuangalia ni kitu kikubwa, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyewahi kuwaangalia.

Yako haijakamilika. Pana nafasi ya picha yako na nafasi ya sahihi yako, na kwa umri wako lazima uje mwenyewe. Mama yangu hawezi kukutilia, wala mimi, hata tukiwa mapacha. Zimebaki Ijumaa tatu kabla ya muda ule kwisha. Nimezihesabu kwa kila njia, zinabaki tatu.

Mama bado hajui watamwambia nini kazini. Ameniambia niandike hivyo hivyo, nisipambe, ili mama yako ajue kwamba hatumwiti aje mahali tusiposimama sisi wenyewe. Kila asubuhi anakwenda kazini, kila mchana anarudi, na mimi nikisikia ufunguo mlangoni ndipo ninapoanza kusoma tena.

Alhamisi iliyopita baba alinipeleka Mabela. Tulizunguka kwenye nyumba mpya ambazo bado zina vumbi la saruji madirishani. Tuliwauliza mafundi, tukawauliza madereva. Mbele ya nyumba moja niliona msichana ameinama na ndoo, ana mtandio wa kijani kama wako. Nilishuka kabla gari halijasimama, nikaita jina lako, lile ambalo Padri angelipiga mstari. Akageuka. Alikuwa msichana mwingine, labda Mhabeshi, na aliogopa sana kuona mtu anamkimbilia. Akaacha ndoo yake, akaingia ndani mbio. Nilisimama pale naomba radhi kwa mlango uliofungwa. Nimemfikiria sana tangu siku ile. Sijui kama na yeye yumo kwenye faili la mtu yeyote.

Pacha wangu, neno nililokuambia bombani siwezi kulifuta. Nimejaribu. Nikiwa darasani, nikiwa kwenye basi, linarudi na sauti yangu ileile. Basi na liwe kama kile kitabu. Nililisema, na litabaki limeandikwa. Lakini pembeni yake niandikie hili, kwa herufi zako ndogo: kwamba niliogopa, kwamba nilikosea, na kwamba sitafuti mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti kile.

Jina la mama yangu bado lipo kwenye ukurasa wako, halikukatwa. La mama yako liko kando yake. Yeyote atakayefungua, hata miaka mia ijayo, atakuta mabinti wawili, na mmoja wao ana mama wawili.

Daftari la hesabu liko ndani ya begi langu pamoja na kifutio. Kurasa kumi na moja sijazigusa. Ijumaa ijayo nitaliweka begi juu ya kiti chako tena, na mtu akiniuliza nitajibu lilelile. Njoo uliondoe.

Nakuaga kwa leo nikiwa nimeangalia mlango,

Pacha wako wa mwezi wa tatu